Sista Anajibu: Fundi cherehani anataka gauni jeupe

*Shikamoo Sista. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, nina miaka 36 na watoto wawili, mkubwa yuko darasa la sita. Mwaka juzi mama yangu alipata kiharusi, nikamuuguza nyumbani miezi saba mpaka Mungu alipomchukua. Muuguzi mmoja wa zahanati ndiye aliyenionyesha kumgeuza kila baada ya saa mbili, kumwogesha kitandani, na kumlisha akiwa ameketi ili asipaliwe. Mama tulimzika hana kidonda hata kimoja mgongoni. Tangu siku hiyo moyo wangu uko kwenye uuguzi. Kidato cha nne nilimaliza 2006: Kiswahili B, Biolojia C, Kemia D, Kiingereza D, Fizikia F, Hesabu F. Mawifi wanacheka, wanasema nakwenda kukaa dawati moja na watoto ninaoweza kuwazaa. Halafu kuna mtu anasema nikimpa laki mbili ananiingiza chuo bila Fizikia. Nishauri. Na uniambie ukweli: nikiingia, ni kitu gani kitanishinda?*
*Fundi, Morogoro*

Marahaba, mdogo wangu, na pole sana ya mama. Habari ya mgongo wake nimeisoma mara mbili. Wodini tunapokea watu waliolala nyumbani wiki tatu tu na tayari wana shimo la kuingia ngumi. Miezi saba bila kidonda ni kazi ya mikono inayojua. Mawifi usiwaambie, watasema ulikuwa wajibu wako.

Tuanze na huyo bwana wa laki mbili, tummalize. Stashahada ya uuguzi na ukunga unaingia kwa ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne yasiyo ya dini, na ndani yake lazima ziwemo Kemia, Biolojia na Fizikia, walau D. Hesabu na Kiingereza ni nyongeza inayokusaidia. Anayekuingiza bila Fizikia atakutoa bila cheti, na hutampata kwenye simu siku hiyo. Wewe umebakiza D moja tu. Jisajili mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka na mtihani ni Novemba. Tafuta kijana wa kidato cha sita akufundishe jioni, umlipe kwa kumshonea. Kabla ya kulipa senti moja ya ada, hakikisha jina la chuo limo kwenye orodha ya NACTVET, lile Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi. Na mtu asikudanganye kuwa kozi ya miezi sita inatoa muuguzi. Stashahada ni miaka mitatu, ngazi ya 4, ya 5 na ya 6, na ukimaliza unakutana na mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga ndipo upewe leseni. Sheria ya 2010 haimjui muuguzi asiye na leseni, hata awe na mikono ya malaika.

Sasa swali lako la pili, ambalo ndilo lililonifanya niache barua nyingine nianze na yako.

Mimi niliingia chuo 2009 nikiwa na miaka 34, nimetoka kwenye meza ya ukatibu muhtasi. Nilijiandaa kwa masomo magumu, kwa kukesha, kwa kucheka-chekwa na watoto wa shule. Watoto wa shule hawakunicheka hata siku moja. Waliniita mama, wakaniletea madaftari yao niwahifadhie, na wawili wakawa wananiambia habari za wachumba wao mpaka nikachoka. Kilichokaribia kunitoa chuoni sikukitarajia: umri wangu ulikuwa unanipa cheo nisichokuwa nacho.

Utaona mwenyewe. Mkiingia wodini wanafunzi kumi, kila mtu na sare yake, ndugu wa mgonjwa atawapita wasichana tisa aje kwako. Ana sababu: una mwili wa mtu mzima, unatembea kama mtu mwenye nyumba. Atakuuliza wewe. Na wewe, ambaye asubuhi hiyo umegombezwa kwa kukunja shuka vibaya, utasikia raha kuulizwa.

Nilikuwa mwaka wa pili, zamu ya usiku, wodi ya upasuaji ya wanaume. Karibu saa kumi na moja alfajiri mama mmoja wa makamo akaja na chupa ya uji na kikombe cha bati. Mwanawe alikuwa kitanda cha dirishani. Akaniinamia kwa heshima: "Mama, wewe ndiye mkubwa hapa? Naomba nimpe mwanangu uji, usiku kucha hajala." Muuguzi wa zamu alikuwa upande wa pili anahangaika na mgonjwa aliyechomoa mpira wa mkojo. Jibu sahihi lilikuwa na maneno sita: mimi ni mwanafunzi, ngoja nimwite sista. Sikuyasema. Sikwenda hata kutazama kibao cha kitandani. Nilisema, kwa sauti ya utulivu kabisa, "Mpe kidogo tu, ashike tumbo."

Kibao kilikuwa kimeandikwa NPO. Asile wala asinywe. Kijana alikuwa na ngiri, na alikuwa wa kwanza kwenye orodha ya thieta saa mbili asubuhi. Mtaalamu wa usingizi alipomuuliza amekula lini, akajibu kweli: uji, alfajiri hii. Chakula kinahitaji saa sita kabla ya dawa ya usingizi. Yeye alikuwa na saa tatu. Tumbo likiwa na kitu, mtu akilazwa usingizi, kile kitu hupanda kikaingia mapafuni, na hapo hata fundi wa ngiri hana la kufanya. Wakamrudisha wodini akiwa na ile kofia ya karatasi kichwani. Alikaa siku tatu zaidi kusubiri nafasi nyingine, na mama yake alikuwa amekuja na nauli ya kwenda na kurudi, basi.

Inchaji wa wodi alinigombeza mpaka mate yakaruka. Hayo yalinipita. Aliyenikata ni mwalimu wangu wa wodini, binti wa miaka 26, mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho. Alinikalisha kwenye benchi la nje akaniuliza kitu kimoja: "Kwa nini hukumwambia kwamba wewe ni mwanafunzi?" Nikatafuta jibu. Nikagundua kwamba kila jibu nililolipata lilikuwa la aibu, nikanyamaza. Akasema, "Basi," akaenda zake kunywa chai.

Kuanzia siku hiyo nilijizoeza kusema "mimi ni mwanafunzi" kabla sijaulizwa. Nilisema kwa wagonjwa, kwa ndugu, kwa madaktari waliotaka kunituma nikachome sindano peke yangu. Mwanzoni lilikuwa linanikwama kooni. Mtu aliyezoea kuitwa fundi, ambaye wateja wanamsubiri kwenye benchi la nje, atalisikia hivyo hivyo. Wewe una mafundi wanafunzi hapo kibandani, naamini. Kumbuka unavyomwona yule anayekata kitambaa cha mteja bila kuuliza kwa sababu tu mteja amemwita fundi.

Na kuna mikono. Mikono yako imejaa ujuzi, na nusu yake itabidi ilale. Najua mafundi: pini mnashika mdomoni, uzi mnalainisha kwa mate, mkasi unalala popote. Kwenye trei ya kidonda ukigusa kitu kisicho safi hata kwa ncha ya glavu, trei nzima imekufa, unaanza upya, na mwalimu anakutazama tu bila kusema ili aone kama una ukweli wa kujisemea mwenyewe. Halafu sindano ya cherehani ikikuchoma kidole, unafanya nini? Unanyonya. Mdogo wangu, wodini ukichomwa na sindano ya mgonjwa usinyonye, usiminye. Maji yanayotiririka na sabuni, kisha unatoa taarifa palepale, hata kama inchaji ana hasira, kwa sababu dawa za kukinga VVU zinatakiwa zianze mapema na zisivuke saa 72, na unazimeza siku 28. Sindano iliyotumika hairudishiwi kifuniko. Inakwenda kwenye sefti boksi kama ilivyo. Chanjo ya homa ya ini B nayo anza mapema, ni dozi tatu: ya pili mwezi mmoja baada ya ile ya kwanza, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Usisubiri chuo kikukumbushe.

Hesabu F isikutishe sana. Hesabu za wodini ni chache na zinarudi zilezile. Daktari ameandika lita moja ya maji kwa saa nane, na mpira wa dripu unatoa matone 20 kwa mililita. Mililita 1000 mara 20 ni matone 20,000. Saa nane ni dakika 480. Gawanya, unapata 41 na ushee, unaweka 42 kwa dakika, unasimama pale na saa yenye mshale wa sekunde, unahesabu matone yanavyodondoka. Mtu anayetoa gauni la mama na la binti kwenye kitenge cha yadi sita, na bado kikabaki cha kilemba, ataniambia hesabu hii haiwezi? Hiyo saa nunua kabla ya viatu. Simu huruhusiwi kuitoa mbele ya mgonjwa.

Kiingereza ndicho kitakachokula usiku wako, nakwambia wazi. Wagonjwa wote wanaumwa kwa Kiswahili, na sisi tunaandika na kufanya mitihani kwa Kiingereza. Umekaa na kile kilugha bila kukigusa tangu 2006. Mimi nilibeba daftari dogo mfukoni, upande mmoja neno la mgonjwa, upande wa pili la kitabu: kichomi, kiungulia, kizunguzungu, kujisikia kutapika, tumbo la kukata. Hapo lakini ndipo utakapowapita wale watoto, maana wao wana neno la kitabu na hawana la bibi. Bibi mmoja mwenye kisukari aliwahi kumwambia mwanafunzi mwenzangu, "Mwanangu, miguuni nasikia sisimizi wanatembea." Kijana akaandika kwenye faili, kwa Kiingereza kizuri sana, kwamba mgonjwa ana wadudu miguuni, akaagiza abadilishiwe shuka. Bibi alikuwa anamweleza ganzi ya mishipa iliyoharibiwa na sukari. Kwa hiyo unga urafiki na hao watoto. Kikundi chetu cha kusomea kilikuwa cha watu watano. Wao walinifundisha Kemia, mimi niliwafundisha kusikiliza wazee, na maandazi yalikuwa yangu.

Pesa. Cherehani usiuze, hata shemeji akileta mteja mwenye fedha mkononi. Darasa zima linahitaji sare kupunguzwa kiuno na kuongezwa pindo. Utakuwa na kazi wiki ya kwanza kabla ya kujua choo kiko wapi. Kataa kazi wiki za mitihani tu. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo inakopesha baadhi ya wanafunzi wa stashahada na baadhi ya fani za afya zimo, ila soma mwongozo wa mwaka wako uone kama uuguzi umo, na hasa wanapotaja mwaka uliohitimu, kabla hujaanza kuihesabu pesa hiyo. Watoto wasikie kutoka kwako, mapema, kwamba kuna wiki mama atalala mchana. Huyo wa darasa la sita mfundishe kupika wali sasa hivi, likizo hii.

Fizikia kwanza. Majibu yakitoka niandikie.

*Sista, mimi ni kijana wa kiume, miaka 29, nimefanya kazi ya ukarani benki miaka mitano na nimeomba kusoma uuguzi. Nimepata nafasi. Nimesikia lazima nipite wodi ya wazazi na nizalishe. Nikiwaza hivyo jasho linanitoka. Inawezekana nikaruka?*
*Karani, Dodoma*

Hairukwi, mwanangu. Soma jina la kozi yako tena: uuguzi na ukunga. Utazalisha, utajaza patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, na idadi ya kuzalisha itaandikwa kwenye kitabu chako cha mazoezi na kusainiwa. Wanaume wengi wanaifanya kazi hii na baadhi yao ndio wanaoombwa kwa majina na wazazi.

Jasho ni la siku tatu. Jitambulishe jina, sema ni mwanafunzi, omba ruhusa kabla ya kugusa, na mzazi akisema hapendi, toka bila kununa wala kumweleza haki zako za masomo; mzazi mwingine atakuja, wodi ile haikauki. Wakati wa kupima ndani, awepo muuguzi wa kike karibu. Na wagonjwa watakuita daktari kwa sababu tu umevaa suruali. Wasahihishe. Ulichokisoma hapo juu kuhusu uji kinakuhusu.

Ukarani wa benki utakusaidia mahali ambapo hukufikiria: kuandika kila ulichokifanya na saa uliyokifanya, na kukabidhi zamu bila upungufu. Dawa za kulevya za maumivu zinahesabiwa na kusainiwa kama fedha za kaunta.

*Salaam Sista. Mke wangu ana miaka 39, alikuwa mwalimu wa chekechea. Mwaka jana akaingia chuo cha uuguzi, nikamruhusu. Sasa ana zamu za usiku. Anarudi asubuhi analala hadi saa nane, nyumba haina mtu, watoto wanakula chipsi, majirani wananiangalia. Nilimwomba aombe asipangiwe usiku akakataa. Je, si haki yangu?*
*Baba wawili, Tanga*

Kaka yangu, wa kumpangia zamu si yeye. Mwanafunzi akikosa saa za wodi, vyuo vingi vinamzuia kuingia kwenye mtihani, kisha anarudia, na ada ya kurudia utailipa wewe. Kwa hesabu ya mfukoni tu, usiku wa leo ni nafuu kwako.

Hajalala "hadi saa nane". Amelala saa tano, sita, mchana, kukiwa na joto la Tanga, na jirani anayetwanga, na simu yako ukimuuliza mafuta yamewekwa wapi. Aliyekesha akirudi kazini hajalala anakosea dawa, na mtu anayekosea dawa hapati barua ya onyo tu. Kwa hiyo siku za zamu funga pazia, toa watoto nje, zima redio, na simu yake iweke mbali na mto.

Kuhusu chipsi, nakupa ratiba ya wiki moja, ujaribu: jioni unaloweka maharage kabla hujalala, asubuhi unayabandika kabla hujaondoka kwenda kazini ikiwa kazi yako inaanza saa tatu, mtoto mkubwa anaangalia maji. Wali ni dakika ishirini na tano. Majirani waache waangalie, wataona sufuria. Na chumvi ikiwa haionekani, nunua nyingine dukani. Usimwamshe.